Shuka Nililowavalia Ngamia

Nilipoajiriwa katika idara ya mifugo, elimu ya kwanza niliyopewa haikuwamo katika kitabu chochote. Niliambiwa kwamba ngamia ukimdunga sindano anaipiga picha sura yako na kuiweka kwenye nundu. Ndiyo maana nundu ni kubwa vile. Mafuta ni kidogo tu, sehemu iliyobaki imejaa sura za maadui. Atakaa nayo miaka na miaka, akitafuna miba yake kwa utulivu, na siku mtakapokutana, iwe Garissa, iwe Mombasa, iwe Makka kwenyewe, atakukalia kifuani mpaka roho itoke.

Mwalimu wangu katika somo hilo alikuwa Mzee Shukri, dereva wa Landrova ya idara, na alikuwa na ushahidi. Kulikuwa na mchanjaji mmoja wa Mandera, alisema, aliyehamishiwa Nyeri kwa usalama wake. Ngamia akafunga safari. Akavuka Tana, akapanda milima, akaulizia njia (hapo hata Mzee Shukri alikiri hajui aliulizia kwa lugha gani), akamkuta yule bwana kwenye kibanda anakunywa chai, akamkalia yeye na chai yake. Mimi niliamini kila neno. Msinicheke. Baba yangu aliuza sukari na majani ya chai mjini Garissa, nami ngamia nilimjua kwenye sahani na kwenye kikombe tu. Mtu wa namna hiyo utamwambia ngamia anasoma magazeti, naye atauliza ni gazeti gani.

Kazini niliingia kama mfagiaji, na siku ya kwanza nilikabidhiwa sufuria. Enzi hizo sindano hazikuwa za kutupa. Zilikuwa za chuma, nene kama msumari wa kuezekea, na zilichemshwa kila asubuhi kuua vijidudu, na zilipokuwa butu zilinolewa kwanza kwenye jiwe. Nilichemsha kwa bidii mpaka watu wa mtaa wa pili wakadhani ofisini kuna harusi.

Daktari wa Mifugo wa Mkoa, mtu mwembamba kutoka bara ambaye hakuwahi kupaza sauti, alikuja akasimama kando ya sufuria. Akanionyesha lori lililokuwa likipakia ng'ombe ng'ambo ya uwanja, akaniuliza wanaenda wapi. Nikasema Nairobi.

"Wanaenda tumboni," alisema. "Kuna mtoto huko ambaye hajawahi kuiona Garissa, na kesho kutwa atakula kitu kilichopita mikononi mwako. Chemsha tena."

Nikachemsha tena. Katika kazi yote iliyofuata sikupata kusikia mtu akiieleza kazi yetu vizuri kuliko hapo. Mifugo yetu ni mali, ni mahari, ni fahari ya ukoo, lakini mwisho wa yote ni chakula cha mtu, na mchanjaji anapika kabla ya mpishi.

Yeye ndiye aliyenisukuma kwenda shule ya ngumbaru. Jioni, baada ya kufagia, niliketi na wauza miraa, askari na akina mama wa sokoni, tukifundishwa na mwalimu aliyeapa kutotuachia cheti mpaka tukubali kwamba p na b ni herufi mbili (Kisomali chetu hakina p). Wengine walikubali kwa shingo upande. Mimi nilipasi, na nilipasi kwa kishindo, ingawa mke wangu husema kishindo kile kilikuwa cha kiti kilichovunjika. Cheti kikanipeleka chuoni, chuo kikanirudisha nikiwa msaidizi wa afya ya mifugo. Cheo hicho ni kirefu mdomoni, kwa hiyo watu wote kutoka Garissa hadi Mandera waliniita Daktari, nami sikuona sababu ya kuwakatiza.

Kabla ya safari yangu ya kwanza kwa ngamia, Mzee Shukri aliniita nyuma ya gari. Sasa wewe ni mtu wa sindano, akaniambia, na sura yako iko hatarini. Dawa ni moja, kujifunika. Akatoa shuka lake kuukuu la mistari myekundu na myeusi, lililokuwa likifungiwa chupa za dawa safarini zisigongane, akanizungushia kutoka utosini hadi kiunoni, yakabaki macho. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, nisilifue kamwe. Pili, kila nikimaliza kundi nijifutie nalo mikono, lipate harufu ya kazi, ngamia wanidhanie mwenzao.

Niliyashika masharti kama mtu anavyoshika swala. Shuka lile likaiva. Lilikuwa na dawa ya upele, ile nyeusi nzito inayopakwa ngozi iliyoliwa na wadudu. Lilikuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Lilikuwa na iodini, damu, usaha na jasho la mifugo ya wilaya nzima. Nikilitundika kwenye ua wa ofisi, mbwa walihama. Mke wangu alilikataza kuvuka mlango, na nikisema lilisimama lenyewe nje likinisubiri, nitakuwa nimeongeza kidogo tu.

Na ngamia? Safari ile ya kwanza, tulipoteremka tu kwenye gari, shingo zote zilinyanyuka, pua zikafunguka, na kundi zima likatimua mbio kama limeitwa na serikali. Wachungaji walishinda kutwa wakiwakusanya. Nikamnong'oneza Mzee Shukri: wamenijuaje, na ndiyo mara ya kwanza wananiona?

"Abti," akanijibu, yaani mjomba, "habari zinatangulia."

Basi nikalifunga shuka kwa nguvu zaidi. Na kila kundi nililolifikia lilinikimbia, na kila lilivyonikimbia ndivyo nilivyozidi kushukuru kwamba nimejifunika, maana kama walikuwa na chuki namna ile bila kuniona uso, wangeniona ingekuwaje?

Nilipelekwa Griftu, kwenye soko la mifugo na machinjio, chini ya Mkaguzi Mkuu wa Nyama, mama mmoja mpana aliyevaa buti za mpira hata kwenye sherehe za kitaifa. Kwake nilijifunza kwamba mnyama huandika ugonjwa wake ndani, nawe lazima umsome. Ini unalikata uone kama kuna minyoo bapa kwenye mirija yake. Mapafu unayapapasa utafute vinundu. Tezi, zile punje za kinga ya mwili zilizo shingoni na kwenye mapaja, unazipasua, ukikuta usaha mgumu kama jibini unaweka kisu chini. Mnyama aliyekufa ghafla akitokwa na damu nyeusi isiyoganda humpasui kabisa. Hicho ni kimeta, na kimeta kinamuua mchinjaji na mlaji pia. Huyo anazikwa kama alivyo, shimo refu, chokaa juu, na mwenyewe anaruhusiwa kulia.

Siku moja mfanyabiashara alileta dume lililonona mno, na shingoni lilikuwa na uvimbe mdogo wa sindano. Akaapa kwamba ni mwiba. Mkaguzi Mkuu aliupapasa mara moja akalirudisha dume zizini.

"Mnyama aliyedungwa juzi si nyama," alimwambia. "Ni duka la dawa. Mrudishe dawa imtoke, halafu tutaongea habari ya mchuzi."

Vijana mnaouziwa dawa za mifugo kwenye vibanda siku hizi, karibu na betri na sabuni, maneno hayo yaandikeni mahali. Dawa ina siku zake za kukaa mwilini. Kabla siku hizo hazijaisha, maziwa humwagwa au hupewa ndama, na nyama husubiri. Mwenye haraka anamlisha jirani yake dawa ya ugonjwa ambao hakuugua.

Huko Griftu ngamia wa soko waliniachia njia kila nilipopita. Nilitembea katikati yao kama Musa baharini, maji huku na maji huku. Mkaguzi Mkuu aliniuliza siku moja lile shuka lina cheo gani katika serikali. Nikamweleza habari ya nundu na sura. Alinitazama, akatazama buti zake, akasema kila mtu na kinga yake, ilimradi kisu changu kisafi.

Kituo cha mwisho kilikuwa Hulugho, karibu na mpaka, na hapo shuka lilianza kunigharimu. Ng'ombe na mbuzi sikuwa na shida nao. Mbuzi unamkamata mguu, unampiga chanjo ya sotoka, anapiga kelele kana kwamba umemchinja, anasahau kabla hujamwachilia. Lakini eneo lile ni la ngamia, na habari zilikuwa zimeenea kwamba Daktari Farah akija, mifugo inatawanyika mpaka Lamu. Wachungaji wakaanza kuficha makundi yao wakisikia gari. Ikawa nafika mahali penye nyayo mbichi na kinyesi cha moto, na ngamia hata mmoja hayupo.

Afisa wa Mifugo wa Tarafa, kijana msomi mwenye adabu nyingi, aliniita ofisini akanipa kiti, na nikajua kuna jambo. Alisema mvua zimeacha maji kila mahali na nzi wakubwa wafyonza damu wamefurika upande wa Sangailu. Ngamia wameanza kukonda kwa dhukaan. Huo ni ugonjwa wa vimelea vya damu ambavyo nzi wale huvibeba kutoka mnyama hadi mnyama. Ngamia anapata homa inayokuja na kuondoka, manyoya yananyong'onyea, nundu inalala upande, na mwenye mimba anaitupa.

"Mzee wangu," alisema, "dawa tuliyonayo ni ya safari moja. Nakuheshimu sana. Lakini ngamia wa Sangailu wakikosa sindano mara hii, nitaomba aletwe mtu ambaye ngamia wanakubali kumwona."

Kundi la kwanza lilikuwa la Habiba, mjane aliyekuwa akipeleka maziwa Garissa kwa madumu ya manjano, na watoto wake wote walisoma kwa madumu hayo. Mwanamke mrefu, mkavu, asiyepoteza neno. Alipotuona alituonyesha ngamia wake mkuu, jike aliyeitwa Dheeman, mwenye mimba, aliyekaribia kuzaa. Mbavu zilihesabika. Habiba aliinama akachota mchanga mahali Dheeman alipokojoa, akaunusa, akaumwaga. Wafugaji wa kwetu huujua ugonjwa huu kwa harufu ya mkojo kabla darubini haijatolewa kwenye sanduku, na sisi tuliosoma huchukua damu ili kukubaliana nao.

"Akitupa mimba, mimi sina maziwa mwaka huu," alisema. "Na huyu akianguka, wengine wanamfuata. Fanya kazi."

Nikakoroga dawa. Hapa nieleze kidogo: dawa ile ilikuwa unga, unaoyeyushwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na ikishakorogwa haingoji, ikilala inapoteza nguvu. Inadungwa chini ya ngozi ya shingo kwa kipimo cha uzito wa mnyama. Ngamia walikuwa kwenye zizi la miba, na mwisho mmoja wa zizi wanaume wa hapo walikuwa wamejenga krashi, yaani njia nyembamba ya magogo ambayo mnyama huingia mmoja mmoja asiweze kugeuka. Kila kitu kilikuwa tayari. Nikajifunga shuka langu, macho tu, nikasoma bismillahi, nikalisogelea zizi.

Sikufika. Ngamia waliinuka wote pamoja kama zulia lililovutwa. Wakaupiga ua wa miba vifua, wakautoboa, wakaondoka. Dheeman naye, na mimba yake na mbavu zake, alikimbia nyuma yao akiyumba, akaanguka kwa magoti, akainuka, akakimbia tena. Hapo hakuna aliyecheka. Mimi nilisimama na bomba la dawa mkononi, na dawa ilikuwa imekorogwa.

Wana wa Habiba walipowarudisha ngamia, jua lilikuwa limeshapita utosi. Dheeman alikuwa anatetemeka miguu ya nyuma. Habiba aliziba ua kwa miba mipya kwa mikono yake, kisha akanijia. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimekwisha andaa maneno ya kumwelewa.

"Dawa yako ni nzuri," alisema. "Wewe ndiye ugonjwa. Nipe hiyo shuka."

Nilimwambia siwezi. Nilimweleza habari ya sura na nundu, na ya bwana wa Nyeri na chai yake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho. Halafu akanyoosha mkono. Nikamtazama Dheeman, nikaitazama dawa, nikafikiri kwamba mimi nimeishi, nimeoa, nimepata cheti, na kama ni leo basi ni leo. Nikalivua. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi kusimama mbele ya ngamia na uso mtupu, na niliona haya kana kwamba nimevua kanzu.

Habiba alilibeba kwa ncha za vidole, akazunguka zizi lote hadi upande wa pili, ule upepo ulikokuwa ukitokea, akalitundika juu ya kichaka. Nilifikiri analianika. Nikasimama kwenye krashi nilikoambiwa nisimame.

Haukupita muda, shingo zikanyanyuka. Pua zikafunguka. Kundi zima likageuka, likanitazama mimi, likanijia mbio.

Wallahi nilisema shahada. Niliisema mara nyingi hata ulimi ukachoka. Niliziona zile nundu, kila moja na picha yangu ndani, zikija kama treni. Nilifumba macho nikangoja kukaliwa.

Nilipofumbua, ngamia wa kwanza alikuwa ndani ya krashi, pua yake imegusa bega langu, anahema. Nyuma yake wa pili. Nyuma ya huyo wa tatu, wamejipanga wenyewe kama abiria wa basi la Nairobi, bila hata mmoja kusukumana. Nikamdunga wa kwanza. Akanung'unika, akapita. Nikamdunga wa pili. Dheeman alipofika niliweka mkono shingoni mwake, nikavuta ngozi, nikampa dawa polepole, na alinitazama usoni kwa yale macho yenye kope ndefu, akatembea zake. Tulimaliza kundi zima, na bomba la mwisho likawa tupu jua likiwa bado liko juu. Nilimwagiza Habiba asiuze maziwa mpaka siku za dawa ziishe, na kwa hizo siku zote madumu yake yalikaa yamefunikwa kichwa chini. Nilipouliza habari ya shuka langu aliniambia mbuzi wamelila. Nilistaajabu mbuzi gani angeweza.

Dheeman alizaa salama. Habari zilinifikia Hulugho pamoja na dumu la maziwa, na Afisa wa Tarafa akaacha kuzungumzia mtu mwingine. Tangu siku ile nilifanya kazi uso wazi, na makundi yakaacha kunikimbia, moja baada ya jingine, hadi nilipostaafu. Nami nilijua sababu. Ngamia walikuwa wamenisamehe. Waliiona sura yangu hatimaye, wakaipima, wakaona ni ya mtu mwema.

Sasa nakaa Garissa. Nina mbuzi wachache wanaonitibu presha, na mara kwa mara naitwa kuzungumza na vijana wanaosomea kazi hii. Wana vifaa ambavyo sisi hatukuviota: sindano za kutupa, masanduku ya barafu yanayotumia jua, simu zinazompiga picha mnyama mgonjwa na kuipeleka Nairobi kabla hajamaliza kukohoa. Nawaambia yale niliyoachiwa na wakubwa wangu. Chemsha tena. Mnyama aliyedungwa juzi ni duka la dawa. Halafu nawapa langu mwenyewe, lile nililolipata kwa jasho, kwamba mchanjaji mwema akijitokeza kwa uso wazi na moyo safi, hata ngamia husamehe. Wengine huandika.

Majuzi nilikisimulia kisa hiki tena, sokoni kwenye maziwa, kwa vijana watatu wa mafunzo niliokuwa nikiwaonyesha jinsi ya kunusa dumu. Nilikuwa nimefika pale Dheeman anaponitazama usoni, na sauti yangu ilikuwa imeanza kulegea kama inavyostahili, nikamsikia mtu akiguna nyuma yangu. Habiba. Amezeeka kuliko mimi, amekaa juu ya dumu lililopinduliwa kati ya wauzaji wengine, bakora magotini. Alikuwa amesikiliza yote. Nikamsalimu, nikamwambia eeddo, shangazi, wewe ni shahidi wangu, waambie ngamia wako walivyonisamehe.

Alinipimia maziwa kwanza, akanipa kikombe, akangoja ninywe.

"Daktari, hakuna mtu alikusamehe," alisema. "Ngamia yangu haijawahi kujua sura yako. Mimi nilitundika kwa upepo ile shuka ndio wakimbilie kwako. Walikuwa wanakimbia shuka. Ilikuwa inanuka dawa."